Simu Inapokelewa Halafu Kimya: Historia ya Kadi za Sauti na Namna ya Kuikamata Iliyoharibika

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini leo nimepata nafasi ya kuwasimulia jambo ambalo limekaa kichwani mwangu muda mrefu. Leo hakuna PHP wala hifadhidata. Leo tunaongea juu ya swichibodi, ule mtambo wa simu unaokaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, na hasa zile kadi zilizo ndani yake ambazo kazi yake ni kuchakata sauti.

Najua wengi wenu mtasema hayo ni mambo ya mafundi wa simu. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka mwaka 2008, nilipoitwa na kampuni moja hapa Nairobi (jina nitalihifadhi) iliyokuwa ikiuza vipuri vya malori. Nilienda kuwaandikia programu ya ripoti za mauzo. Nilipofika nikakuta mzozo. Mama aliyekuwa akishika simu pale mapokezi alikuwa ameshapewa barua mbili za onyo. Wateja walikuwa wakilalamika kwamba wakipiga simu, anapokea, ananyamaza, kisha anakata. Wengine walipigwa hivyo mara tatu mfululizo, wakahamia kwa mshindani. Mkurugenzi aliniambia waziwazi, "Huyu mama anatufukuzia wateja. Barua ya tatu ikija, anapigwa kalamu."

Yule mama naye alikuwa na maelezo yake. "Kijana wangu, mimi nikiinua simu nasema halo, halo, halo. Hakuna mtu anayejibu. Sasa nifanye nini, nishike tu mkononi?"

Mmoja kati yao alikuwa anasema uongo, au hivyo ndivyo kila mtu alivyodhani. Jibu lilikuwa ndani ya chipu yenye ukubwa wa ukucha. Lakini ili mfahamu jinsi tulivyolipata, lazima kwanza turudi nyuma zaidi ya miaka 100.

Mzishi wa Kansas City

Almon Strowger alikuwa mtu wa kuandaa mazishi katika mji wa Kansas City, Marekani. Wakati huo ukitaka kumpigia mtu simu, ulimwambia opereta jina au namba, naye akaunganisha waya kwa mkono. Inasimuliwa kwamba Strowger aliona biashara yake inashuka, akashuku kwamba opereta alikuwa anawapeleka wafiwa kwa mzishi mwingine. Kisa hiki kimesimuliwa kwa namna nyingi, lakini kilichofuata kiko kwenye maandishi: tarehe 10 Machi 1891 alipewa hataza ya mtambo unaounganisha simu bila opereta, na mwaka 1892 mtambo wa kwanza wa aina hiyo ukafunguliwa katika mji wa La Porte, Indiana.

Angalieni jambo hili. Historia ya mitambo ya simu inayojiendesha inaanza na mteja asiyepata simu, na lawama kumwangukia mwanamke aliyekaa kwenye swichibodi. Zaidi ya miaka 100 baadaye, nilikuwa nimekaa Nairobi nikisikiliza shtaka lile lile.

Mtambo wa Strowger ulikuwa wa chuma na sumaku. Ukizungusha namba, mhimili ulipanda ngazi moja moja, kisha ukazunguka hatua moja moja, mpaka ukafika mahali pake kati ya nafasi 100. Fundi aliweza kusimama mbele yake na kuiona simu yako ikitembea. Kama kuna hitilafu, ilikuwa na mahali: mguso umeingia vumbi, chemchemi imelegea, waya umekatika. Sikio na jicho vilitosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo litatufaa baadaye. Mtambo ulipotafuta njia ya kupitishia simu, ulianza na njia ya kwanza. Kama ina mtu, ukaenda ya pili, kisha ya tatu, mpaka ukapata iliyo wazi. Kwa hivyo njia za mwisho zilitumika tu wakati simu ni nyingi. Njia ya mwisho ikiharibika, asubuhi na mapema kila kitu kinafanya kazi vizuri, shida inajitokeza saa za pilikapilika. Wekeni hilo akilini.

Sauti inageuka kuwa namba

Mitambo ile ya chuma ilibeba sauti kama mkondo wa umeme unaopanda na kushuka pamoja na mtu anavyoongea. Mwaka 1937, mhandisi Mwingereza aitwaye Alec Reeves, akifanya kazi Paris, alibuni njia nyingine. Badala ya kupeleka mkondo wenyewe, pima ukubwa wake mara nyingi kwa sekunde, kisha upeleke vipimo hivyo kama namba. Harry Nyquist alikuwa ameshaandika mwaka 1928 kuhusu mipaka ya kupeleka ishara kwenye waya, na Claude Shannon akalieleza wazi jambo hili mwaka 1949: ukipima mara mbili au zaidi ya masafa ya juu kabisa yaliyomo ndani ya sauti, unaweza kuirudisha sauti yote.

Wazo la Reeves lilikuwa zuri lakini vifaa vya wakati wake havikutosha. Ilibidi lisubiri transista. Mwaka 1962 kampuni za Bell nchini Marekani zilianza kutumia mfumo wa T1 uliobeba simu 24 kwenye jozi mbili za waya. Kwetu Kenya tulifuata utaratibu wa Ulaya, E1, wenye nafasi 32, na 30 kati ya hizo ni za sauti.

Hesabu yake ni rahisi. Sauti ya simu inapimwa mara 8000 kwa sekunde. Kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8. Zidisha, unapata biti 64,000 kwa sekunde kwa simu moja. Zidisha kwa nafasi 32 za E1, unapata 2,048,000. Ndiyo ile "mega mbili" ambayo mafundi wa simu walikuwa wakiitaja.

Hapa ndipo sisi waandishi wa programu tunaingia. Sauti ikishakuwa namba, unaweza kuifanyia hesabu. Na hesabu ya kwanza iliyohitajika sana ilikuwa ya kufuta mwangwi.

Mwangwi na kituo cha Longonot

Simu ya kawaida ya mezani hutumia waya mbili kwa kusema na kusikia, lakini safari ndefu hutumia njia mbili tofauti, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mahali ambapo waya mbili zinakutana na njia hizo, sehemu ya sauti yako hurudishwa kwako. Kama safari ni fupi huisikii. Kama ni ndefu, unajisikia ukijijibu mwenyewe.

Kenya tulilijua hili vizuri. Kituo cha satelaiti cha Longonot, pale Bonde la Ufa, kilianza kazi mwaka 1970, na mpaka mikonga ya chini ya bahari ilipofika Mombasa mwaka 2009, satelaiti ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na nchi za mbali. Satelaiti iko karibu kilomita 36,000 juu. Kwenda na kushuka ni kilomita 72,000, ambazo mawimbi huzimaliza kwa karibu robo sekunde. Mwangwi wako unarudi baada ya nusu sekunde. Wenye umri wanakumbuka kumpigia ndugu aliye Ulaya na kusikia "halo" yao wenyewe ikiwarudia.

Dawa ya kwanza ilikuwa kumzima mtu mmoja wakati mwenzake anaongea. Dawa bora zaidi, iliyofanyiwa utafiti Bell Labs kuanzia miaka ya 1960, ni kuufundisha mtambo jinsi mwangwi unavyofanana, kisha kuutoa kwenye sauti inayorudi. Hiyo ni kuzidisha na kujumlisha kwingi sana, mara 8000 kila sekunde. Mwaka 1980 wahandisi wa Bell Labs, Donald Duttweiler akiwa mmoja wao, walieleza chipu moja iliyotosha kufanya kazi hiyo.

Miaka hiyo hiyo ikazaliwa aina mpya ya chipu iliyoundwa kwa ajili ya hesabu za namna hii, ambayo kwa kifupi inaitwa DSP. Bell Labs walikuwa na yao mwaka 1979, NEC ya Japani wakatoa yao mwaka 1980, na mwaka 1983 Texas Instruments wakaanza kuuza TMS32010, iliyoweza kuzidisha namba mbili za biti 16 kwa nanosekunde 200. Kuzidisha milioni 5 kwa sekunde moja! Leo ni kidogo, lakini kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa, na bei iliendelea kushuka.

Kadi ndani ya swichibodi

Kufikia miaka ya 2000, swichibodi ya kampuni ya wastani ilikuwa na kadi zenye chipu mbili, nne au zaidi za DSP. Kama simu za mezani zinatumia mtandao wa kompyuta (au tarakilishi, kama tulivyofundishwa shuleni) na laini ya nje ni E1, chipu hizi ndizo mlango kati ya pande mbili. Zinachukua mtiririko wa E1, zinaukata vipande vipande na kuvitia kwenye pakiti, na zikitakiwa zinabana sauti kwa kodeki kama G.729 inayotumia biti 8,000 tu kwa sekunde badala ya 64,000. Zinafuta mwangwi. Zinatambua vitufe unavyobonyeza, kwa sababu kila kitufe ni toni mbili kwa pamoja: ukibonyeza 5 unatuma 770 Hz na 1336 Hz.

Sasa sikilizeni sehemu muhimu. DSP haihusiki na kuita. Kulia kwa simu, kupokea na kukata ni ujumbe unaopita njia nyingine, kwenye prosesa kuu ya mtambo. Kwa hivyo DSP ikifa, simu bado italia. Ukiinua, mtambo utasema imeunganishwa. Taa itawaka kijani. Kumbukumbu zitaandika kwamba simu imepokelewa. Kitu pekee kitakachokosekana ni sauti.

Kwenye mtambo wa Strowger mapigo ya namba na sauti vilipita kwenye waya zile zile, na ukikatika vyote vilikufa pamoja. Kwenye mtambo wa kisasa unaweza kuwa na simu iliyo hai kwa kila kipimo isipokuwa cha sikio la binadamu. Na mashine ikisema simu imepokelewa, nani atamwamini mama wa mapokezi?

Jinsi walivyotafuta ubovu

Mafundi wa simu waliunda mbinu zao polepole, na karibu zote bado zinafaa.

Ya kwanza ni toni ya kupimia. Unapeleka toni moja ya nguvu inayojulikana upande huu, unapima kinachofika upande ule. Zamani ilikuwa 1000 Hz. Mitambo ya kidijitali ilipokuja, Wamarekani wakahamia 1004 Hz. Kwa nini hiyo 4 ya ziada? Kwa sababu 8000 gawanya kwa 1000 ni 8 kamili. Toni ya 1000 Hz inapimwa mahali pale pale 8 kila wimbi, kwa hivyo unajaribu namba 8 tu kati ya 256 ambazo kipimo kinaweza kuwa nazo. Mtambo unaweza kuwa mbovu kwenye namba nyingine zote ukapita mtihani. Ukisogeza toni kidogo, vipimo vinaangukia kila mahali. Mimi nimejifunza mengi juu ya kujaribu programu kutokana na hiyo 4.

Ya pili ni kurudisha sauti. Unaunganisha mwisho wa njia na mwanzo wake, unaongea, na kama unajisikia basi sehemu yote iliyo katikati ni nzima. Unasogeza mahali pa kurudishia hatua kwa hatua mpaka unapata ubovu ulipo.

Ya tatu ni kubadilishana. Toa kadi hapa, weka pale. Ubovu ukihama na kadi, kadi ndiyo mbovu. Ubovu ukibaki palepale, basi ni nafasi, waya au mpangilio.

Na kuna ya nne ambayo mimi sikuijua kabisa. Wahandisi wa simu wa Marekani walikuwa na jina la njia iliyoharibika kwa namna ya kupokea simu bila kupitisha sauti: laini muuaji. Angalieni inavyofanya kazi. Simu ikiingia kwenye njia hiyo, watu hawasikilizani, wanakata baada ya sekunde chache. Njia inakuwa wazi tena. Simu inayofuata inaikuta iko wazi, inaingia, inakufa. Njia nzima zinabaki na watu wanaoongea dakika tano tano, lakini mbovu iko wazi muda wote, inameza simu moja baada ya nyingine. Njia moja tu inaweza kuharibu simu nyingi kuliko hesabu ya kawaida inavyoonyesha. Na mteja akipiga tena, uwezekano ni mkubwa kwamba ataangukia pale pale.

Dalili yake haiko kwenye toni wala taa. Iko kwenye muda: njia yenye simu nyingi na zote fupi.

Turudi kwa mama wa mapokezi

Fundi wa kampuni ile alikuwa ameshafika mara mbili. Kila mara alizima mtambo na kuuwasha, chipu zikajipima zenyewe, zikasema ziko sawa, na kweli shida ikapotea kwa siku chache. Kisha ikarudi. Ndiyo maana walikuwa na hakika kwamba mashine ni nzima.

Mimi sikuwa na ujuzi wowote wa swichibodi. Jioni moja nilimweleza jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa mitambo ya simu enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999. Alinisikiliza, akaniuliza maswali mawili tu. "Shida inatokea saa ngapi?" Nikamwambia kati ya saa nne na saa sita asubuhi, na zaidi mwisho wa mwezi. Akaniuliza, "Na mtambo wenu ukichagua njia, unaanzia wapi?"

Sikujua. Kesho yake nilisoma kitabu cha mtambo. Ulikuwa na kadi mbili za sauti, kila kadi ina chipu mbili za DSP, kila chipu inabeba simu 8. Jumla 32, zinazotosha E1 moja. Na mtambo ulizijaza kwa mpangilio: nafasi iliyo wazi ya kwanza kabisa ndiyo inayochukuliwa. Kama mtambo wa Strowger!

Kumbukumbu za simu ziliandika saa ya kuanza na saa ya kuisha, lakini hazikutaja chipu. Hapo nikaona kazi yangu. Niliandika programu ndogo ya Perl, kama mistari 40, iliyosoma kumbukumbu za miezi miwili na kuzicheza upya: kila simu ikianza, ipe nafasi ya kwanza iliyo wazi; ikiisha, ifungue. Kisha nikaiambia inipe simu zote zilizopokelewa na kukatwa chini ya sekunde 10, pamoja na namba ya nafasi.

Matokeo yalipotoka nilisimama kwenye kiti. Simu fupi zilikuwa zimerundikana kati ya nafasi ya 17 na ya 24, karibu zote. Hiyo ni chipu ya kwanza ya kadi ya pili. Nyingine chache zilikuwa za watu waliokosea namba, zimetawanyika bila mpangilio wowote. Na nyingi za zile fupi hazikuwa hata za mapokezi. Zilikuwa za watu wa stoo na wa uhasibu, ila wao wakikatika mteja hakuwalaumu kwa jina, kwa sababu hakuwajua. Aliyejulikana alikuwa mama peke yake.

Nilimpelekea mkurugenzi karatasi. Akaitazama, akasema, "Hii ni hesabu yako tu." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimekisia njia ya kila simu. Kwa hivyo tukafanya jaribio la kubadilishana. Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa, fundi alizima mtambo, akavaa kamba ya kuzuia umeme tuli mkononi, akatoa kadi mbili na kuziweka kinyume. Kama nilikuwa sahihi, chipu mbovu sasa ingekuwa nafasi ya 1 hadi 8, na shida isingengoja tena saa za pilikapilika.

Jumatatu asubuhi saa mbili, simu ya kwanza ya siku ililia. Mkurugenzi mwenyewe aliinua. "Halo? Halo? Halo?" Kimya. Akakata. Ikalia tena. Kimya.

Akamtazama yule mama, mama akamtazama yeye. Sitaandika kilichosemwa, ila barua mbili zilitolewa kwenye faili wiki ile ile. Kadi nyingine ilinunuliwa. Tulipofungua mtambo vizuri tuliona feni ya upande ule imesimama na vumbi limejaa. Joto hupanua na baridi hukaza, siku baada ya siku, mpaka lehemu iliyoshikilia chipu inapata nyufa ndogo. Ikipoa inashika, ikipata moto inaachia. Nadhani ndiyo maana kila ikizimwa ilipita mtihani wake.

Ukikutana na kesi kama hii

Kwa wenzangu wanaosimamia mitambo midogo, haya ndiyo niliyoyabeba:

1. Andika saa, si malalamiko tu. Ubovu unaokuja na wingi wa simu si sawa na unaokuja na joto la mchana, ingawa vyote viwili huonekana saa sita.
2. Jua mtambo unachagua vipi. Kama unaanza na ya kwanza, chipu mbovu ya mwanzo inaonekana kila mara na ya mwisho inaonekana saa za pilikapilika. Kama unazunguka kwa zamu na chipu ni nne, simu moja kati ya nne itakufa mchana kutwa.
3. Tofautisha kimya na kelele. Sauti ya kukwaruza kwenye kila simu mara nyingi si kadi mbovu. Ni mpangilio: Marekani na Japani hutumia jedwali moja la kuandika vipimo, sisi na Ulaya jingine, na kadi iliyopangwa kwa jedwali lisilo letu hukwaruza hivyo.
4. Usiamini kujipima kwa mtambo uliopoa. Pima ukiwa na kazi.
5. Badilisha kitu kimoja tu, na useme mapema unatarajia nini. Ukisema baada ya kuona, hujathibitisha kitu.

Kadi zilienda wapi?

Wakati sisi tunahangaika na kadi ile, dunia ilikuwa imeshaanza kuhama. Mhandisi Jim Dixon aliona kwamba prosesa za kompyuta za kawaida zimekuwa na kasi ya kutosha kufanya hesabu za DSP, akatengeneza kadi rahisi aliyoiita Tormenta, isiyo na DSP, na kuugawa muundo wake bure. Mark Spencer, kijana wa Alabama aliyeanza kuandika Asterisk mwaka 1999 kwa sababu hakuwa na pesa za kununua swichibodi, akaunganisha kazi hizo mbili. Chipu ya kuchakata sauti ikageuka kuwa programu tunayoweza kuisoma.

Ubovu haukwisha, ulibadilisha makao. Kadi hizo ziliikatiza prosesa mara 1000 kwa sekunde, na kama kadi nyingine ilishindania nafasi hiyo, sauti ilikatikakatika. Mafundi wakaacha kununua DSP, wakaanza kuhamisha kadi kutoka tundu moja la kompyuta hadi jingine. Nayo Nortel ya Kanada, iliyokuwa miongoni mwa majina makubwa ya swichibodi, iliomba kinga ya mufilisi Januari 2009, na kitengo chake cha simu za kampuni kikanunuliwa na Avaya mwaka huo huo. Wenye mitambo yao wakabaki kutafuta vipuri vya mitumba.

Leo sauti nyingi za ofisi zinapita kwenye seva zilizo mbali, na simu za upande mmoja zimebaki, ila sasa mara nyingi kosa liko kwenye ruta au ukuta wa usalama unaozuia pakiti za sauti huku ukiruhusu ujumbe wa kuita. Kanuni haijabadilika: kuunganishwa si kusikilizana. Bado kuna vijana kwenye vituo vya huduma kwa wateja wanaohesabiwa makosa kwa simu fupi ambazo ripoti inasema "imepokelewa".

Na mimi ni mmoja wa wanaoandika ripoti hizo. Ndiyo sababu nimewasimulia kisa hiki. Ile programu ya mauzo niliyoitiwa ilikuwa iwe na ukurasa wa kupima wafanyakazi kwa idadi ya simu walizokata. Ningeimaliza kwa wakati, barua ya tatu ingechapishwa na programu yangu mwenyewe, ikiwa na jedwali zuri na saini.

Yule mama alistaafu akiwa mapokezini pale pale. Siku nilipomaliza kazi aliniinulia simu akiwa anacheka, akasema, "Halo!" Nikamjibu, "Nakusikia, mama."

Tuonane wakati mwingine. Nitarudi kwa PHP, naahidi.